Ushirikiano wa Kimataifa na Maendeleo Endelevu Jumuishi: Maswali Ambayo Wakazi wa Mombasa Huuliza Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mkazi wa kaunti ya Mombasa ambaye husikia kwamba mradi fulani umefadhiliwa kutoka nje, akaona bango lenye bendera mbili limesimamishwa kando ya barabara, na akataka kujua jambo hilo linamhusu vipi yeye na watoto wake. Mwandishi amefanya kazi ya ukalimani katika vikao vya miradi ya aina hii kwa miaka kadhaa, na maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wananchi huyauliza mara nyingi zaidi, baadhi kwenye kikao chenyewe na mengine nje, kikao kikishakwisha.

Maendeleo endelevu jumuishi ni nini hasa?

Neno "endelevu" linahusu muda, na neno "jumuishi" linahusu watu. Mvuvi akikokota juya lenye macho madogo, leo atajaza tenga lakini mwaka ujao hatakuta kitu, kwa sababu amezoa na vitoto vya samaki. Hapo uendelevu haupo. Sehemu hiyohiyo ya bahari ikifungwa kwa jina la uhifadhi, wavuvi wa mitumbwi wakafukuzwa na mahali pao pakachukuliwa na mashua za watalii, samaki huenda wakarudi, lakini aliyekuwa akiwategemea ameachwa nje. Maendeleo tunayoyazungumzia hapa ni yale yanayotimiza mambo yote mawili kwa pamoja.

Makubaliano makuu ya dunia juu ya suala hili ni Ajenda ya 2030, ambayo nchi zote 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliipitisha Septemba 2015. Ina malengo 17 na shabaha 169, na ahadi yake kuu ni kwamba hakuna mtu atakayeachwa nyuma. Malengo manane ya Milenia yaliyotangulia yalielekezwa zaidi kwa nchi maskini, lakini haya mapya yanazibana nchi zote, tajiri kwa maskini, na kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kwa kuwa linampa hata mkazi wa Jomvu haki ya kuiuliza nchi tajiri imefanya nini kwake yenyewe.

Tuna serikali ya kitaifa na serikali ya kaunti. Kwa nini tuhitaji kushirikiana na mataifa mengine?

Kwa sababu mambo mengi yanayoamua maisha ya Mombasa hayaanzii Mombasa wala hayaishii hapa. Bandari ya Kilindini inahudumia pia Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, hivyo uamuzi wa Kampala kuhusu njia ya kupitishia mizigo unagusa riziki ya dereva wa Changamwe. Maji ya bahari yanapanda na kupata joto kutokana na hewa chafu ambayo sehemu yake kubwa ilitolewa na viwanda vya mbali kwa zaidi ya karne moja. Samaki nao wanahama bila kuuliza mpaka uko wapi. Ndiyo maana nchi kumi za magharibi ya Bahari ya Hindi zimeungana chini ya Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985 ili kulinda bahari na pwani zao, na ndiyo maana lengo la 17 la Ajenda ya 2030 limetengewa ushirikiano peke yake.

Ni washirika gani wanaofanya kazi hapa Pwani?

Japani, kupitia shirika lake la JICA, imefadhili kwa mikopo kituo cha pili cha kontena cha bandari, ambacho awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2016, pamoja na barabara ya Dongo Kundu. Benki ya Exim ya China ndiyo iliyokopesha sehemu kubwa ya fedha za reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 2017. Umoja wa Ulaya umefadhili mpango wa Go Blue, ulioendeshwa pamoja na Jumuiya ya Kaunti za Pwani katika kaunti sita, na Benki ya Dunia imefadhili mradi wa uvuvi na maisha ya jamii katika kaunti tano za pwani, Mombasa ikiwamo. Yako pia mashirika ya Umoja wa Mataifa, vyuo vikuu vya nje na mashirika yasiyo ya kiserikali, na kuyaorodhesha yote hakutamsaidia msomaji.

Fedha hizi ni msaada au ni deni?

Hili ndilo swali ambalo mkazi yeyote angepaswa kuliuliza kwanza, na kwa bahati mbaya ndilo hujibiwa kwa haraka kuliko yote. Neno "ufadhili" linafunika mambo matatu yaliyo tofauti kabisa. La kwanza ni ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa. La pili ni mkopo nafuu, wenye riba ndogo na miaka mingi ya kulipa, kama ule unaotolewa na tawi la Benki ya Dunia lililoanzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo. La tatu ni mkopo wa kibiashara, ambao riba yake hufuata soko. Bango la barabarani linaweza kuandikwa "kwa ufadhili wa" katika hali zote tatu, na anayelisoma asijue kwamba katika hali mbili kati ya hizo yeye na wajukuu wake ndio walipaji.

Kenya imehesabiwa miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini tangu mwaka 2014, na jambo hilo, ambalo lilipokelewa kwa shangwe wakati ule, lina upande wake wa pili: kadiri nchi inavyopanda daraja ndivyo inavyopewa ruzuku kidogo na mikopo ya masharti magumu zaidi. Jambo lingine ambalo watu wengi hawaambiwi ni la sarafu. Mkopo huchukuliwa kwa dola, yeni au yuani, lakini kodi tunayolipa ni ya shilingi, kwa hivyo shilingi ikishuka thamani, deni linapanda hata kama hakuna senti moja iliyoongezwa.

Kwa hiyo mtu akisimama kikaoni na kusema kwamba wafadhili wametuletea zawadi, muulize kwa adabu: ni ruzuku au ni mkopo? Kama ni mkopo, aliyetia saini ni nani, unalipwa kwa muda gani, na unalipwa kutokana na mapato yapi? Mikopo ya nje hutiwa saini na Hazina ya Taifa, na Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka masuala ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa ushiriki wa wananchi. Anayeuliza hivyo hamkosei mgeni adabu. Anaitumia Katiba yake.

Kwa nini nchi tajiri zinatoa fedha?

Sababu huchanganyika: biashara, usalama, siasa, historia, na utu pia, ambao haufai kupuuzwa. Mwaka 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliweka lengo kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao la taifa kama msaada wa maendeleo. Zaidi ya nusu karne imepita, na ni nchi chache tu, zikiwamo Norwe, Denmark na Luxembourg, ambazo zimeshika ahadi hiyo kwa miaka mingi. Wastani wa wafadhili wote umekuwa ukizungukia nusu yake. Mshirika anapotukumbusha wajibu wetu, na ana haki ya kufanya hivyo, inafaa naye akumbushwe wake. Azimio la Paris la mwaka 2005 kuhusu ubora wa misaada lilitaja wazi uwajibikaji wa pande zote mbili, na pia kwamba nchi inayopokea ndiyo iongoze mipango yake yenyewe.

Je, upo mfano wa karibu wa ushirikiano uliowafaa wananchi?

Upo, na ni mwendo mfupi tu kutoka feri ya Likoni kuelekea kusini. Katika vijiji vya Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, wanajamii wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013. Mikoko hunyonya hewa ya ukaa na kuifungia kwenye matope ya mizizi yake kwa wingi unaoshinda misitu mingi ya bara. Kiasi kinachohifadhiwa hupimwa, huthibitishwa na wakaguzi wa nje, kisha huuzwa kwa watu na kampuni za ng'ambo zinazotaka kufidia uchafuzi wao. Taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI, ambayo makao yake makuu yako hapa Mombasa, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland katika upande wa sayansi, na shirika dogo la hisani la huko Scotland husimamia mauzo.

Kinachoutofautisha mradi huu ni jinsi fedha zinavyogawanywa. Wanakijiji wana kamati waliyoichagua wenyewe, wanakaa katika baraza na kuamua mapato ya mwaka yaende wapi, na mara nyingi wameyaelekeza kwenye maji ya bomba na vifaa vya shule. Fedha zenyewe si nyingi; mradi huu hauwezi kukitoa kijiji kizima katika umaskini, na atakayeahidi hivyo atakuwa anadanganya. Lakini mama anayefungua mfereji na kuchota maji karibu na nyumba yake anajua maji yale yametoka wapi, nani aliamua, na mwaka ujao atakaa wapi ili naye aamue. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mtindo wake umefuatwa huko Vanga.

Na mifano ya maendeleo yaliyowaacha watu nje?

Ipo, na ni haki kuitaja bila kuficha. Reli ya kisasa ilifupisha safari ya abiria na ikaondoa malori mengi barabarani. Hata hivyo, agizo la mwaka 2019 lililotaka mizigo isafirishwe kwa reli na kushughulikiwa Nairobi liliwanyang'anya kazi madereva, makarani wa forodha, mafundi wa magurudumu na mama ntilie wa Miritini na Changamwe, na ikawabidi wakazi kuandamana mitaani hadi suala hilo likawa la kisiasa. Mwaka 2022 serikali mpya iliagiza huduma zirudi Mombasa. Makubaliano ya mkopo yalihesabu shehena. Hayakumhesabu anayeuza chai na mahamri kwenye maegesho ya malori.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwatilia wakazi, wakiwamo watoto, sumu ya risasi, yaani madini yaliyomo ndani ya betri. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ilikatiwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikasimama upande wa wakazi. Kuchakata taka huandikwa katika mipango mingi kama kazi nzuri kwa mazingira, na mara nyingi ni kweli, lakini hapa mazingira ya mmoja yalisafishwa kwa damu ya mwingine.

Ujumuishi unapimwaje? Si kila ripoti husema kwamba wananchi walishirikishwa?

Kila ripoti husema hivyo, ndiyo maana nashauri tupime mambo ambayo ripoti haiyataji.

La kwanza ni saa. Niliwahi kukalimani katika kikao kilichoitishwa saa nne asubuhi katika kijiji kimoja cha wavuvi upande wa kusini, kujadili mpango wa kuhifadhi miamba. Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua. Mtu wa pwani anajua kwamba katika bamvua maji ya Mombasa hutoka kabisa mnamo saa nne na saa tano, na huo ndio muda wa wanawake kushuka mwambani kuchokoa pweza. Kikao kilijaa wazee na vijana wasio na kazi siku hiyo. Wanawake, ambao mwamba ule ndio shamba lao, tuliwaona kwa mbali wakiwa wameinama majini, leso zimefungwa viunoni na vyuma mikononi, huku sisi tukijadili kama waruhusiwe kuingia au la. Hakuna aliyekusudia kuwatenga. Aliyepanga tarehe alitazama kalenda ya ofisi, na laiti angemuuliza mtu mmoja wa pale angeambiwa asubiri siku za maji mafu.

La pili ni mlango. Kikao kingine, hicho cha mjini, kilifanyika ghorofa ya pili ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa imeharibika. Bwana mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alibaki chini kwa saa mbili. Karatasi ya mahudhurio ikateremshwa akatia saini, na katika ripoti akahesabiwa miongoni mwa walioshiriki. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia kalamu.

La tatu ni lugha. Kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, lakini taarifa za tathmini ya mazingira zenye mamia ya kurasa huletwa kwa Kiingereza, na mwananchi hutakiwa kutoa maoni juu ya muhtasari aliousikia kwa dakika ishirini. Na la nne ni nauli: anayelipa tuktuk na feri kuja kutoa maoni, akapoteza kibarua cha siku, amechangia mradi kwa fedha zake kabla haujamfaidi.

Watu wenye ulemavu wana haki gani katika miradi ya wafadhili?

Wana haki iliyoandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, una Kifungu cha 32 kinachohusu ushirikiano wa kimataifa peke yake, na kinataka programu za maendeleo ziwajumuishe na kufikika kwao. Kenya ilikuwa mwenyeji mwenza wa mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu ulemavu, uliofanyika London mwaka 2018, kwa hivyo hatuwezi kusema hatukuujua wajibu huo. Kituo cha afya au soko likijengwa kwa fedha za nje bila njia ya mteremko, anayelalamika ana mkataba mkononi.

Wanawake wanaofanya biashara ndogo wanahesabiwa?

Mara nyingi wanahesabiwa kwa idadi na kusahauliwa katika kazi. Miradi ya uvuvi hupenda kununua boti na injini, na boti humfikia mwanamume. Mama karanga, anayenunua samaki dikoni, akawakaanga na kuwauza jioni mtaani, anahitaji barafu, maji safi, mahali penye kivuli pa kufanyia kazi, na sauti katika kikundi cha usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU. Mahitaji hayo ni ya bei ndogo kuliko injini moja, na kwa sababu hayapigiwi picha ya kupendeza hayapewi nafasi.

Mradi ukihitaji mahali ninapoishi, nami sina hati ya kiwanja, nitapata nini?

Swali hili ni la Mombasa hasa, kwa sababu hapa watu wengi wanamiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, na wengine wamezaliwa na kuzeeka wakiitwa maskwota. Kifungu cha 40 cha Katiba kinaruhusu fidia kulipwa kwa anayeishi kwenye ardhi kwa nia njema hata kama hana hati. Kanuni za mazingira na jamii za Benki ya Dunia, zilizoanza kutumika mwaka 2018, zinakwenda mbali zaidi: asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi hulipwa kwa nyumba na mali aliyoijenga na husaidiwa kuhama, ilimradi alikuwapo kabla ya tarehe ya mwisho ya usajili. Ndiyo maana tarehe hiyo ya usajili ni muhimu kuliko hotuba yoyote. Wapimaji wakipita, hakikisha jina lako, la mpangaji wako na la kibanda chako cha biashara yameandikwa, na upige picha ya fomu.

Nina haki ya kuona hati za mradi?

Ndiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Huna haja ya kueleza sababu. Omba mambo mahususi, kwa mfano mkataba wa ufadhili, taarifa ya tathmini ya mazingira au mpango wa kuwahamisha watu, kwa kuwa ombi la "habari zote" hujibiwa kwa kimya. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, nao ni hati ya umma, na ndani yake utaona kama mradi wa mtaa wako ulipangwa na kaunti au umetokea hewani.

Wafadhili wakiondoka, inakuwaje?

Tumeshaona. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Huduma za afya zilizolitegemea, hasa za virusi vya ukimwi, ziliyumba nchini kote. Mradi wowote unaoanza sasa uulizwe siku ya kwanza nani atalipa mishahara na dawa mwaka wa sita, na jibu liandikwe.

Nikidhulumiwa na mradi nilalamike wapi?

Anza na kamati ya malalamiko ya mradi wenyewe, kwa sababu wakopeshaji wakubwa hutaka iwepo, na ngazi za juu zitakuuliza kama ulipita hapo. Uharibifu wa mazingira upeleke NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Mombasa. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kushtaki hata kama hajathibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Ofisi ya umma isiyojibu inaweza kushtakiwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mradi ukiwa na fedha za Benki ya Dunia, watu wawili au zaidi walioathirika wanaweza kuandikia Jopo la Ukaguzi la benki hiyo, lililoundwa mwaka 1993, na wanaweza kuomba majina yao yafichwe. Benki ya Maendeleo ya Afrika na JICA nazo zina njia zao za kupokea malalamiko.

Barua iandikwe kwa nakala mbili. Moja uiache ofisini, na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ya siku hiyo, kisha urudi nayo nyumbani.